Mkulima wa Rungwe, Shika Usukani wa Shehena Yako

Wapo wanaoamini kwamba bahari ni habari ya watu wa Kilwa, Tanga na Unguja, na kwamba sisi tulioegemea Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000, habari yetu ni mvua, migomba na ukungu wa asubuhi. Imani hiyo ifutike leo. Mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hutokea Mto Shire, Shire huingia Zambezi, na Zambezi huishia Bahari ya Hindi. Wahenga walikwisha sema: bahari iliko ndiko mito iendako. Na si maji peke yake yanayokwenda huko. Jasho lako nalo huenda huko, limefungwa ndani ya kontena.

Tembea shambani mwako, kisha uniambie ni zao gani ambalo halikupanda meli. Migomba inayotupa mbalaga ina asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ilivuka bahari karne nyingi zilizopita, na wanahistoria wengi wanaihusisha safari hiyo na mabaharia walioacha ufundi wa mirengu unaoonekana hadi leo kwenye ngalawa zetu za pwani. Chai ya Katumba na Mwakaleli ina mizizi Asia, na huku kwetu ilipandwa wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Viazi mviringo vya Isongole vilianzia milima ya Andes. Mahindi, maharage na kakao vyote ni vya Amerika. Parachichi ni la Mexico na Amerika ya Kati, na aina ya Hass, ambayo sasa wengi wanaiita dhahabu ya kijani, ilitokana na mti mmoja uliopandwa California na mpeleka barua aliyeitwa Rudolph Hass, akausajili kama uvumbuzi wake mwaka 1935.

Basi bahari imekwisha kukulipa mapema. Imekuletea mbegu, imekuletea chakula, imekuletea zao la biashara. Linalobaki ni hili: utairudishia nini, na kwa masharti ya nani? Nasema kwa sauti, na nitaonyesha kwa mifano ya kweli, kwamba katika historia yote ya njia za bahari walionufaika hawakuwa lazima wenye meli kubwa. Walikuwa wale walioijua njia na kuwa tayari kabla ya msimu. Na hilo mtu wa Tukuyu analiweza.

Upepo haumngoji mtu

Kwa zaidi ya miaka elfu moja biashara ya pwani yetu iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi, kuanzia karibu Novemba au Desemba hadi Machi, ulileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, ulivirudisha kwao. Nahodha aliyechelewa kupakia shehena hakukosa siku moja. Alikosa mwaka mzima. Hapakuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa upepo hauna ofisi.

Sasa jiulize Kilwa ilitajirika vipi. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliukuta mji mzuri wenye dola inayojiweza. Watu wa Kilwa hawakuumba upepo. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu na bidhaa nyingine za bara ziko ghalani vyombo vinapotia nanga. Msimu wa upepo ulipokuwa umelala, mafundi waliburura vyombo pwani, wakatia kalafati kwenye maungio, wakapaka deheni chini ili wadudu wa baharini wasile mbao. Mitepe ilishonwa kwa kamba za usumba badala ya misumari, na tanga lao lilikuwa mkeka. Kwa vyombo hivyo watu walifanya biashara ya mbali. Usione vyaelea, vimeundwa.

Anayedhani nguvu peke yake inatosha asome kisa cha Vasco da Gama. Mwaka 1498 Mreno huyo alifika Malindi akiwa na meli, mizinga na amri ya mfalme, lakini njia ya kwenda India hakuijua. Malindi akapewa rubani aliyeijua bahari na msimu. Waliondoka mwishoni mwa Aprili, na chini ya mwezi mmoja walikuwa upande wa pili, karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka kabla kaskazi haujaanza kuvuma, tena bila rubani wa kumtosha. Safari ile ile ikamchukua miezi mitatu. Mabaharia wake wakafa kwa kiseyeye, na aliporudi pwani yetu Januari 1499 waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Moja ikabidi ichomwe moto. Meli zilikuwa zile zile na bahari ilikuwa ile ile. Kilichopungua kilikuwa maarifa na subira, na upungufu huo ulilipwa kwa roho za watu.

Mkulima mwenzangu, una kaskazi yako na kusi yako. Soko la Ulaya lina miezi ambayo Peru, Afrika Kusini na Kenya zimelijaza parachichi, na lina miezi ambayo bidhaa imepungua na bei inapanda. Ukichuma kwa sababu jirani amechuma, au kwa sababu dalali amepita na noti mkononi, umeondoka Calicut kabla ya upepo. Parachichi la Hass lina heshima moja kubwa: haliivi likiwa mtini. Huanza kuiva likishachumwa. Maana yake ni kwamba mti wenyewe unakupa nafasi ya kuchagua siku. Usiitupe nafasi hiyo kwa haraka ya wiki mbili.

Mfereji ulipofunguliwa

Tarehe 17 Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa baada ya miaka kumi ya kuchimba. Kabla ya hapo, aliyetaka kutoka Ulaya kwenda India kwa bahari alizunguka bara zima la Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Baada ya hapo, safari ya London hadi Bombay ilipungua kwa takribani asilimia 40.

Siku tano tu baadaye, tarehe 22 Novemba, huko Dumbarton, Scotland, lilishushwa majini jahazi la milingoti mitatu liitwalo Cutty Sark. Lilijengwa kwa kazi moja: kukimbiza chai kutoka China hadi London kwa kasi kuliko chombo kingine chochote. Lakini mfereji haukuwa rafiki wa matanga. Ni mwembamba, na pepo za Bahari ya Shamu zilikuwa taabu kwa vyombo vya tanga. Meli za moshi zikapita mle, zikatia makaa Aden, zikafika mapema. Cutty Sark ikaambulia shehena nane tu za chai ya China, na ya mwisho ikiwa mwaka 1877.

Hapa ndipo wengi wangekata tamaa, na hapa ndipo nataka uamke. Wenye jahazi hilo walitafuta njia ambayo matanga bado yalikuwa na faida: pepo kali za kusini mwa dunia, kati ya Australia na Uingereza. Wakabeba sufu. Katika miaka ya 1880 Cutty Sark ikapata sifa ya kuwa miongoni mwa vyombo vyenye kasi kuliko vyote katika biashara hiyo, sifa ambayo chai haikuwahi kuipa kikamilifu. Hadi leo jahazi hilo limehifadhiwa Greenwich, London, na watu hulipa kiingilio kulitazama.

Pwani yetu nayo iliguswa. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya William Mackinnon, British India, ilianza kuleta barua na shehena Zanzibar kwa meli ya moshi kutoka Aden. Je, majahazi yalikufa? Hata kidogo. Manahodha waliangalia kile ambacho meli kubwa ilikidharau: boriti za mikoko za Lamu na Rufiji, tende, chumvi, samaki wakavu. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 kwa jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji. Miaka 70 ilikuwa imepita tangu mfereji ufunguliwe, na bado kaskazi ulilisha familia.

Njia inapobadilika, mwenye kulalamika hubaki na malalamiko, na mwenye kutafuta hupata shehena nyingine. Soko la chai likiyumba, usizire ukaacha shamba liwe pori. Zipo ndizi zinazoshuka kwa malori kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Yapo maziwa. Ipo kakao ambayo wenzetu wa Kyela wameinua thamani yake kwa kuiuza kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na maeneo ya chini ya Rungwe na Busokelo nayo yanaistawisha. Nchi yetu ina mazao mengi kuliko jahazi lolote lilivyokuwa na shehena.

Njia moja ikifungwa

Juni 1967 vita vilipozuka kati ya Israeli na majirani zake, Mfereji wa Suez ulifungwa. Haukufunguliwa hadi Juni 1975. Meli 14 zilizokuwa ndani zilinaswa katika Ziwa Chungu Kubwa, katikati ya mfereji, zikakaa miaka minane zikipigwa na mchanga wa jangwani.

Katika miaka hiyo hiyo sisi tulikuwa na mfereji wetu wa kuchimba, ila wetu ulikuwa wa chuma. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na pwani, ikabanwa: shaba yake ingepita wapi? Wakubwa wa dunia waliipima hoja ya reli mpya wakasema haina faida. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda hawakukubali jibu hilo. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi mwaka 1968. Ujenzi wa reli ya TAZARA ukazinduliwa 1970 kwa msaada wa China, ukapita milima na mabonde ya Mlimba na Makambako, ukafika Mbeya, ukavuka hadi New Kapiri Mposhi: kilomita 1,860. Njia ilikamilika kutandikwa mwaka 1975, mwaka ule ule ambao Suez ilifunguliwa tena. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walibeba mataruma kwa mabega yao. Baadhi yao walikuwa baba na babu zetu wa nyanda hizi za juu. Mtu wa Mbeya asiambiwe kwamba haiwezekani. Reli inapita mlangoni kwake kumshuhudia.

Na dunia haijaacha kubadilisha njia. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwa upana katika Mfereji wa Suez, na kwa siku sita mfereji uliokuwa ukipitisha karibu asilimia 12 ya biashara ya dunia ukasimama. Novemba 2023 mashambulizi dhidi ya meli yakaanza katika Bahari ya Shamu, na ilipofika Desemba kampuni kubwa kama Maersk na MSC zikaanza kuzungushia meli zao Rasi ya Tumaini Jema, njia ile ile aliyopita Vasco da Gama. Kwa safari nyingi za Asia na Ulaya hilo liliongeza kati ya siku 10 na 14. Parachichi la Afrika Mashariki linalokwenda Rotterdam nalo likaingia kwenye mzunguko huo.

Sasa elewa, mama unayechuma Kiwira, na wewe kijana wa Masukulu: kombora linapopigwa Bahari ya Shamu, tunda lako ndilo linaloongezewa siku za kuishi. Huwezi kuzuia kombora. Lakini unaweza kuamua tunda linaondoka shambani likiwa na afya kiasi gani, na hapo ndipo ushindi ulipo.

Usukani uko mikononi mwako

Kwanza, chuma lililokomaa. Soko la kimataifa linataka Hass iwe na ukavu usiopungua asilimia 21. Maana yake ni nyepesi: ukichukua gramu 100 za nyama ya tunda ukaikausha mpaka maji yote yaishe, zibaki gramu 21 au zaidi. Chini ya hapo tunda halitaiva vizuri. Litasinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi wa Rotterdam hatasema ni la fulani wa Ikuti. Atasema ni la Tanzania.

Pili, litendee tunda kama yai. Kata kwa mkasi, acha kikonyo kifupi, usitikise mti, usiangushe. Weka kwenye kreti na kivulini, usijaze kwenye kiroba ukakalia juu ya pikipiki. Jeraha la leo huwezi kuliona leo. Litaonekana wiki kadhaa baadaye, kontena litakapofunguliwa upande wa pili wa dunia. Na fikisha mapema kwenye kituo cha kufungashia, kwa sababu uhai wa tunda safarini unategemea ubaridi wa nyuzi tano au sita hivi usiokatika kuanzia huko hadi bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na kuanzia bandarini hadi sokoni. Tunda moja lililoanza kuiva hutoa hewa inayoivisha na wenzake. Mdanganyifu mmoja huzamisha shehena ya kijiji kizima.

Tatu, ungana. Aliye peke yake na miti 30 hupangiwa bei. Kikundi chenye maelfu ya miti huitwa mezani. Lakini ushirika uwe na uongozi unaoeleweka, daftari lililo wazi na mkataba uliosomwa neno kwa neno kabla ya kutiwa saini. Uliza: tunda likikataliwa bandarini, hasara ni ya nani? Bei inapimwa kwa kilo ya shambani au ya kituoni? Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo kisicho na nahodha hakifiki kabisa.

Nne, panua macho ya masoko. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru China, yalisainiwa makubaliano ya kuruhusu parachichi la Tanzania kuingia huko. Njia ya kwenda mashariki haipiti Suez wala Bahari ya Shamu. Ina masharti makali ya afya ya mimea yanayosimamiwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea nchini, lakini masharti ni lango, na lango hupitwa na aliyejiandaa.

Tano, linda maji yako. Mfereji wa Panama, uliofunguliwa 15 Agosti 1914, hupandisha meli kwa maji baridi ya Ziwa Gatun, na ziwa hilo hujazwa na mvua. Ukame wa 2023 ulilazimisha kupunguza meli kutoka takribani 36 kwa siku hadi chini ya 25. Meli kubwa za dunia zilipanga foleni kwa sababu mvua haikunyesha msituni. Sisi Mungu ametupa mvua ambayo wengine wanaiota. Anayepanda hadi ukingoni mwa mto, na anayeingiza shoka katika msitu wa Mlima Rungwe, anatoboa chombo alichopanda mwenyewe.

Na ninyi vijana mlio darasani, sikieni hili. Njia ya parachichi ina kazi nyingi zaidi ya kushika jembe. Kuna mkaguzi wa afya ya mimea, fundi wa mitambo ya baridi, mtaalamu wa forodha, mwanasheria wa mikataba ya usafirishaji, wakala wa bima ya mizigo, afisa wa bandari, nahodha. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro, na watafiti wa kilimo wa TARI wapo hapo Uyole, njia ile ile ya lami unayoipita ukienda Mbeya mjini. Mtoto wa Tukuyu hana sababu ya kuiona meli kwenye picha tu. Anaweza kuwa ndiye anayeiongoza kuingia gatini.

Anza na hatua ndogo msimu huu. Ingia kwenye kikundi kilicho karibu, na kama hakipo, wakusanye majirani watano wenye nia moja. Muite afisa ugani, apime matunda mbele yenu. Nunueni mkasi na kreti kabla ya kununua kingine chochote. Na dalali atakapokuja na bei ya haraka kwa tunda changa, mwambie kwa heshima: shehena hii ina nahodha, na siku ya kuondoka ataipanga yeye.